Aliyehukumiwa kifo apewe avoka mpaka karatasi ya mwisho

Tamko la vijana wa Fizi na Baraka, 10 Oktoba 2025, siku ya dunia ya kupinga adhabu ya kifo



Juma lililopita tulikwenda kumsalimia mama mmoja hapa Baraka. Jina lake tunaliacha, ameomba hivyo. Anauza ndagala sokoni. Mtoto wake aliingia jeshini, akapelekwa mbele, kisha korti moja ya kijeshi ikamuhukumu kifo. Wakakata rufaa, rufaa ikaanguka. Mama hakuarifiwa na mtu yeyote wa serikali. Alisikia kwa simu ya mfungwa mwingine. Nyumbani ana kitu kimoja tu: picha ya WhatsApp ya ukurasa wa mwisho wa hukumu, kwa Kifaransa, lugha ambayo yeye hasomi.

Tulimusomea. Akanyamaza kidogo, halafu akatuuliza: «Watoto wangu, sasa nani atasema kwa ajili yake?»

Tulikuwa wanne kwenye mkeka ule, wote na diploma ya universite, mmoja wetu na lisansi ya sheria. Hakuna aliyekuwa na jibu. Avoka aliyemutetea kwenye rufaa alikuwa ametumwa na baro kwa kujitolea, na kazi yake iliisha siku hukumu iliposomwa. Kuanzia siku ile, kijana yule yuko peke yake na serikali inayosema itamuua.

Tamko hili ni jibu ambalo tulikosa kumupa mama siku ile. Tunasema hivi: serikali inayotaka mamlaka ya kuua ni lazima ilipe avoka wa yule inayetaka kumuua, kuanzia kasho mpaka karatasi ya mwisho. Rufaa ikiisha, avoka asiondoke.

Tumefikaje hapa

Tangu Januari 2003 nchi yetu haikuua mtu kwa hukumu ya korti. Makorti yaliendelea kutoa hukumu za kifo, lakini kwa desturi zilibadilika kuwa kifungo cha maisha. Watu wengi walidhani jambo limekwisha. Kumbe lilikuwa limelala. Tarehe 13 Machi 2024, Waziri wa Sheria wa wakati ule, Rose Mutombo, alitia sahihi barua ya kuondoa zuio hilo. Sababu mbili zilitajwa: wahaini ndani ya jeshi, na majambazi wa mijini wanaoua watu.

Baada ya barua ile mambo yalikimbia. Mwezi wa Mei 2024, korti ya kijeshi ya Goma ilihukumu kifo askari 8, maofisa 5 ndani yao, kwa kukimbia adui. Mwezi wa Julai 2024, kule Lubero, askari 25 walihukumiwa kifo kwa kesi iliyochukua siku moja. Mwanzo wa mwaka huu, vijana zaidi ya 170 walioitwa kuluna walitolewa Kinshasa wakapelekwa gereza la Angenga, Mongala, mbali na familia zao, mbali na maavoka wao. Waziri aliyefuata, Constant Mutamba, alitangaza hadharani kwamba watauawa.

Siku moja, watu 25. Hesabu mwenyewe: ukigawa siku ya kazi kwa watu 25, kila mmoja anapata dakika ngapi za kusema maisha yake?

Wazee wetu walisema haraka haraka haina baraka. Sisi tunaoishi kwenye muji wenye jina hilo tungepaswa kuwa wa kwanza kulikumbuka.

Rufaa ikiisha, njia bado zipo

Watu wengi wanafikiri baada ya rufaa kuna ukuta. Hapana. Kuna milango, lakini kila mulango una ufunguo wake, na ufunguo uko mikononi mwa avoka.

Mulango wa kwanza ni Korti ya Kasasio. Katiba, kifungu 153, inasema korti hiyo inasikiliza malalamiko juu ya hukumu za mwisho za korti za kiraia na za kijeshi. Haisikilizi kesi upya. Inaangalia kama sheria ilifuatwa. Iko Kinshasa, siku za kupeleka ombi zinahesabiwa, na si kila avoka anaweza kusimama pale: kuna baro yake ya pekee.

Mulango wa pili ni kuomba kesi ifunguliwe tena, kama ushahidi mupya umepatikana. Lakini nani atautafuta ushahidi huo? Mufungwa aliye Angenga atampataje shahidi aliyebaki Minembwe ao Mboko?

Mulango wa tatu ni musamaha wa Rais, kifungu 87. Rais anaweza kuondoa adhabu, kuibadilisha ao kuipunguza. Ombi hilo linataka barua iliyoandikwa vizuri, dosie kamili, na mtu wa kuifuata ofisi kwa ofisi.

Mulango wa ine uko nje ya nchi. Tangu 1976, wakati wa Zaire, nchi yetu ilikubali raia wake wapeleke malalamiko kwenye Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Daniel Monguya Mbenge, aliyekuwa gavana wa Shaba, alihukumiwa kifo akiwa Ubelgiji. Habari aliisoma kwenye magazeti. Mwaka 1983 Kamati ilisema Zaire imevunja haki yake. Mbenge alijua kuandika na alijua wapi pa kuandikia. Mtoto wa mama wa ndagala hajui hata kama Kamati hiyo iko.

Sasa pima njia. Kutoka Baraka mpaka Uvira ni kilometa karibu 90 za vumbi na matope, kupitia Mboko, Swima na Makobola, na vizuizi njiani. Baro ya Kivu ya Kusini iko Bukavu, na Bukavu iko mikononi mwa M23 tangu Februari mwaka huu, pamoja na uwanja wa ndege wa Kavumu. Kinshasa kwetu imekuwa mbali kuliko Dubai. Kwa mama anayeuza ndagala kwa kikombe, milango hii mine imefungwa yote, hata kama Katiba inasema iko wazi.

Pasipoti ni avoka mkubwa

Tarehe 13 Septemba 2024, korti ya kijeshi Kinshasa ilihukumu kifo watu 37 kwa jaribio la mapinduzi la 19 Mei. Watatu walikuwa Wamarekani. Jean-Jacques Wondo, Mukongomani mwenye uraia wa Ubelgiji, naye alikuwa ndani. Mwezi wa Februari 2025 Wondo alikwenda Ubelgiji. Mwanzo wa Aprili Rais alibadilisha adhabu ya Wamarekani watatu kuwa kifungo cha maisha, na tarehe 8 Aprili wakapanda ndege kurudi kwao.

Hatuwaonei wivu. Tunafurahi kwamba hawakuuawa. Lakini tunauliza swali ambalo kila kijana pa Fizi anauliza kwenye kijiwe: wale wengine waliohukumiwa nao kwenye chumba kimoja, wenye kuwa na kadi ya uchaguzi ya Kongo tu, nani aliwasemea? Kosa lilikuwa lile lile, adhabu ile ile. Tofauti ilikuwa ambasada. Musamaha wa Rais unafanya kazi, tumeuona. Unafanya kazi kwa aliye na mtu wa kugonga mulango.

Na usifikiri jambo hili ni la wadogo peke yao. Tarehe 30 Septemba, siku kumi tu zilizopita, Korti Kuu ya kijeshi ilimuhukumu kifo Joseph Kabila, bila yeye kuwapo. Makosa aliyoshitakiwa ni mazito, na Wakongomani wako na haki ya kuyajua yote. Lakini tukumbuke: sheria za korti za kijeshi tulizo nazo leo ni za tarehe 18 Novemba 2002. Rais aliyezitangaza ni yeye. Anayetengeneza korti isiyosikiliza vizuri hajui nani atasimama mbele yake kesho.

Tuna mufano mwingine. Colonel Eddy Kapend alihukumiwa kifo Januari 2003 katika kesi ya kuuawa kwa Laurent-Désiré Kabila, mbele ya korti ambayo haikuruhusu rufaa. Alikaa gerezani karibu miaka 20, akisema hana kosa. Alitoka Januari 2021 kwa musamaha wa Rais Tshisekedi. Baadaye alirudi jeshini na kupandishwa cheo kuwa jenerali. Kama wangalifanya haraka naye mwaka 2003, musamaha ungalimfikia wapi? Kaburini?

Wanaosema: mbona mnatetea wauaji?

Tunajua swali hili litakuja kwenye maoni, na ni swali la haki. Sisi si wageni wa maumivu. Makobola iko njiani kwetu, na kila mtu anajua kilichotokea pale mwisho wa 1998. Fizi imezika watu wake, imebeba dada na mama zetu hospitalini. Mtu akituambia aliyemubaka dada yake afe, hatumchekei na hatumfundishi maneno ya vitabu.

Hata kati yetu, ndani ya harakati, hatukubaliane wote juu ya adhabu ya kifo. Wengine wanataka ifutwe kabisa, leo. Wengine wanasema ibaki kwa wasaliti. Tumebishana mpaka usiku. Lakini juu ya avoka tumekubaliana wote, na sababu yake ilitokea hapa hapa Baraka.

Tarehe 1 Januari 2011, askari waliingia Fizi, wakabaka wanawake wengi na kupora. Chini ya miezi miwili, korti ya kijeshi ya Kivu ya Kusini ilikuja kuketi Baraka, mbele ya watu. Wadogo kati yetu walikuwa shule ya musingi. Wakubwa wanakumbuka umati. Wanawake walikuja kusema, na walikuwa na maavoka. Washitakiwa nao walikuwa na maavoka. Walioshitakiwa walikuwa 11. Tarehe 21 Februari 2011 hukumu ilisomwa: luteni-kanali Kibibi Mutuara alipata miaka 20 kwa makosa dhidi ya ubinadamu, na wengine 8 wakahukumiwa pamoja naye. Dunia yote ilizungumza juu ya Baraka.

Lakini hesabu tena: 11 walisimama, 9 walihukumiwa. Wawili wamekwenda wapi? Mmoja korti ilimwona hana kosa. Mwingine ilionekana ni mtoto, hajafika umri, akapelekwa kwa korti ya watoto.

Mmoja bila kosa na mmoja mtoto, kati ya 11. Hiyo ilikuwa kesi iliyosikilizwa vizuri, na maavoka pande zote mbili, na macho ya dunia juu yake. Sasa fikiria watu 25 kwa siku moja. Fikiria 170 ndani ya ndege. Ni wangapi kati yao hawana kosa? Ni wangapi walidanganya umri wao ili wapate kazi ya jeshi, kama vijana wengi tunaowajua? Bila avoka hakuna atakayejua, na baada ya risasi hakuna atakayeweza kurekebisha.

Na dada zetu wa 2011 hawakupoteza kitu kwa sababu Kibibi alikuwa na avoka. Walipata nguvu. Hakuna aliyeweza kusema baadaye kwamba ilikuwa kisasi cha kabila, ao kwamba aliyehukumiwa hakusikilizwa. Hukumu iliyosikiliza pande zote inabaki imesimama hata waliokasirika wakienda.

Kuna jambo lingine, na hili tunaomba mulifikirie sana. Ukimuua askari mdogo haraka, umemzika pamoja na jina la mkubwa aliyempa amri, aliyeuza risasi, aliyekula mishahara ya waliokufa mbele. Askari anayekimbia vita wakati mwingine amekimbia njaa. Ni nani aliyekula chakula chake? Avoka ndiye anauliza swali hilo kwa sauti. Kwa hiyo anayeogopa avoka si raia wa Fizi. Tunajua ni nani anamuogopa.

Majirani wa ziwa wanatufundisha

Tanganyika ina nchi nne. Burundi, ambayo tunaiona ng'ambo hewa ikiwa safi, ilifuta adhabu ya kifo mwaka 2009. Zambia ilifuta Desemba 2022. Tanzania bado inayo kwenye sheria, lakini haijaua mtu tangu 1994. Sisi peke yetu ndio tunarudi nyuma.

Burundi ilijifunza kwa uchungu. Mwaka 1997, kule Ngozi, Gaëtan Bwampamye alihukumiwa kifo. Siku ya kujitetea avoka wake hakuwapo; aliomba kesi isogezwe, korti ikakataa, akajitetea mwenyewe. Mwaka 2000 Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu ilisema Burundi imevunja haki yake ya kutetewa. Mkataba ule wa Afrika Kongo nayo iliuweka sahihi.

Uganda bado ina adhabu ya kifo. Lakini Katiba yao ya 1995 inasema mtu anayeshitakiwa kwa kosa la kifo ao la kifungo cha maisha atapewa avoka kwa feza ya serikali. Na mwaka 2009, Susan Kigula na wafungwa wenzake 417 walishinda mbele ya Korti Kuu yao. Baadhi yao rufaa zilikuwa zimekwisha, walikuwa wanangoja kamba tu. Korti ilisema sheria inayolazimisha zuzi kutoa kifo bila kuangalia mtu na mazingira yake haifuati Katiba, na kwamba aliyengoja zaidi ya miaka mitatu baada ya rufaa ya mwisho adhabu yake ibadilike kuwa maisha. Kigula alisoma sheria ndani ya gereza, na mwaka 2016 alitoka akiwa huru. Maavoka waliobaki baada ya rufaa ndio walifungua mulango ule. Katika mia ine na kumi na nane, hesabu ni mama wangapi.

Feza ziko wapi?

Ati serikali haina feza. Tuangalie basi ndani ya chumba cha korti. Zuzi analipwa na serikali. Odita analipwa na serikali. Karani, mulinzi, gari, mafuta, ndege ya Angenga, risasi: vyote serikali. Katika chumba kizima ni mutu mmoja tu anayeambiwa afanye kwa upendo wa Mungu, naye ndiye avoka wa maskini. Sheria ya baro ya mwaka 1979 iliweka ofisi za mashauri ya bure, na maavoka wengi wanafanya kazi hiyo kwa moyo, tunawaheshimu. Lakini maisha ya mutu hayawezi kutegemea kama avoka alipata feza ya piki siku ile.

Katiba yetu, kifungu 19, inatoa haki ya kutetewa katika kila hatua ya kesi. Kifungu 61 kinasema haki ya kutetewa na haki ya kukata rufaa haziondolewi hata wakati wa hatari kubwa. Ni kifungu hicho hicho kinacholinda haki ya kuishi. Waliokiandika walijua vita itakuja. Walikiandika kwa ajili ya siku kama hizi.

Tunaomba nini

Kwa serikali: hakuna mtu auawe. Zuio lirudi. Na kila aliyehukumiwa kifo apewe nakala ya hukumu yake, familia iarifiwe aliko, na avoka anayelipwa na serikali abaki naye kwa kasasio, kwa ombi la musamaha, na kwa kufungua kesi tena kama kuna ushahidi mupya.

Kwa madepite wetu wa Fizi: kikao cha bajeti kimefunguliwa 15 Septemba na kitafungwa 15 Desemba. Tunataka kuona mustari mmoja ndani ya bajeti ya 2026: malipo ya avoka kwa wasio na uwezo, kuanzia wale walio kwenye hatari ya kifo. Tutawaandikia kila mmoja, na majibu yao tutayaweka hapa. Ukimya wao tutauweka pia.

Kwa maavoka wa Uvira na Kalemie: mutuambie mnahitaji nini. Usafiri, kuchapa, kutafuta familia, kutafsiri kwa Kiswahili na Kibembe. Miguu tunayo.

Na kwenu, wenzetu wenye lisansi zinazolala ndani ya sanduku. Tunajua mnauza vocha, mnaendesha piki, mnangoja kazi ambayo haiji. Sisi ni nyinyi. Wale waliosoma sheria, tunaanza Jumamosi hii kuorodhesha familia za Fizi na Baraka zilizo na mtu aliyehukumiwa kifo, na kuzisaidia kuandika ombi la musamaha. Majina hayatatoka nje bila ruhusa ya familia. Haina mushahara, hiyo tumezoea. Lakini ukienda nyumbani kwa mama kama yule wa ndagala, ukimusomea karatasi kwa lugha yake, umefanya kazi ambayo serikali ilipaswa kuifanya.

Mama alituuliza nani atasema kwa ajili ya mutoto wake. Kwa sasa tumemwambia: sisi tutaanza. Lakini tumemwambia pia kwamba hatutachoka mpaka jibu libadilike, mpaka aweze kusema avoka wa mutoto wangu yupo, jina lake ni hili, na serikali ndiyo inamulipa.

Imefanyika Baraka, 10 Oktoba 2025
Sisi vijana wa harakati, Fizi na Baraka